Redio Zitangazazo Saa: Je, Zimepitwa na Wakati?

Baharia aliye mbali na nchi kavu huweza kupima kimo cha jua juu ya upeo wa macho. Hata hivyo, hawezi kujua yuko mashariki au magharibi kiasi gani asipoijua saa barabara. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Kwa hiyo saa iliyokosea kwa sekunde 4 tu humpoteza, katika Ikweta, umbali wa maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Vituo vya redio vyenye kazi ya kutangaza saa vimewafaa sana watu kama huyu.

Kilicho mashuhuri ni WWV cha Marekani, ambacho tangu mwaka 1966 kipo karibu na Fort Collins, Colorado. Usiku na mchana hutangaza katika mawimbi mafupi ya megahezi 2.5, 5, 10, 15 na 20, kikiongozwa na saa za atomi. Karibu kila sekunde husikika mdundo mmoja, na kabla ya kila dakika mpya sauti ya mwanamume hutaja saa ya ulimwengu. Katika kituo mwenzake, WWVH cha Hawaii, husikika sauti ya mwanamke.

Mawimbi hayo hurudishwa ardhini na ayonosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, na hivyo huvuka bahari. Husafiri kilometa 300 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mtu aliye umbali wa kilometa 3,000 huchelewa kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde.

Leo setilaiti hutoa saa iliyo sahihi zaidi, na mwaka 2018 palitolewa pendekezo la kuvifunga vituo hivyo viwili. Havikufungwa. Setilaiti nazo hukosea: tarehe 26 Januari 2016 baadhi ya setilaiti za GPS zilitoa saa yenye kosa la sehemu 13 kati ya sehemu milioni moja za sekunde, na mitambo kadhaa ya mawasiliano ikaonyesha hitilafu. Aidha, mawimbi yake hufika yakiwa dhaifu, na ni rahisi kuyavuruga. Redio ya mawimbi mafupi haifikii usahihi huo, lakini ni njia nyingine isiyoitegemea setilaiti.

Tena, mawimbi hayo huchunguza anga. Jua lilipopatwa huko Amerika ya Kaskazini tarehe 8 Aprili 2024, wapenzi wa redio walipima mabadiliko madogo ya masafa ya WWV ili kujua jinsi ayonosfia ilivyobadilika.

Mwalimu mwenye redio ya mawimbi mafupi na ajaribu megahezi 10 usiku na 15 mchana. Huenda ikasikika WWV, au BPM cha China kinachotumia masafa yayo hayo. Wanafunzi waandike kila siku, kwa juma zima, tofauti kati ya saa ya darasani na ile ya redio. Saa inayokosea kwa kiasi kilekile kila siku bado yaaminika, maana kosa lake lajulikana.