Picha Tangulizi na Makao Yake katika Utoaji wa Maandiko

Mwanaisimu anayeandika tasnifu kwa kompyuta hukutana na swali ambalo zamani lingeachiwa mafundi peke yao. Programu inapomwonyesha kwenye kioo mti wa sentensi au kanuni ya fonolojia iliyoandikwa kwa alama za LaTeX, hutengeneza kwanza picha ndogo. Picha hiyo tutaiita hapa picha tangulizi, kwa kuwa hutangulia waraka uliokamilika. Je, ihifadhiwe wapi? Maoni yetu ni kwamba jibu hutegemea ni nani anayeihitaji: msomaji, au mashine tu.

Tutwae mfano wa Org, chombo cha uandishi kilichoanzishwa na Carsten Dominik mwaka 2003 ndani ya programu ya Emacs. Kwa desturi, picha hizo huwekwa katika folda iitwayo ltximg, kando ya waraka wenyewe. Jina la kila picha hupatikana kwa hesabu inayofanywa juu ya maandishi ya kanuni, pamoja na rangi na ukubwa uliochaguliwa. Faida ni dhahiri: kanuni isiyobadilika haichorwi tena. Lakini mwandishi akibadili alama moja tu, picha mpya huzaliwa kwa jina jipya, na ile ya kwanza hubaki pale pale bila mwenyewe. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya namna hii huoza, na baada ya masahihisho ya miezi kadhaa folda hujaa mabaki yasiyomfaa mtu.

Basi, si afadhali kuzipeleka zote katika hifadhi ya muda ya mtumiaji, mbali na kazi yake? Kwa picha za kutazamwa kiooni tu, ndiyo. Shida huanza waraka unapotolewa kwa umbo lingine. Ukitolewa kama HTML huku kanuni zikiwa picha, faili la HTML halizibebi picha hizo. Hutaja tu njia ya kuzifikia. Mwanafunzi akimpelekea msimamizi wake faili hilo pekee, msimamizi atakuta pengo mahali pa kila mti, na hoja nzima ya sura hiyo itakuwa imepotea. Njia hiyo ikielekea kwenye hifadhi ya muda, hata kutuma folda yote ya kazi hakutasaidia kitu. Umbo la ODT, ambalo ni sehemu ya kiwango cha kimataifa ISO/IEC 26300 tangu mwaka 2006, lina busara zaidi: waraka ni kifurushi kilichobanwa, na picha huingizwa ndani yake zikasafiri pamoja na maneno. Kwa hiyo programu ingefanya vema kuchora katika hifadhi ya muda, kisha wakati wa kutoa waraka inakili kando ya tokeo zile picha tu ambazo tokeo hilo linazitaja.

Kuna upande mwingine usiozungumzwa sana, nao ni siri. Mifumo mingi ya Linux huweka picha ndogo za mafaili katika folda iliyofichwa ya mtumiaji, .cache/thumbnails. Kila picha hubeba ndani yake anwani ya faili la asili na wakati lilipobadilishwa mara ya mwisho, ili picha iliyopitwa ichorwe upya. Utaratibu huo ni mzuri, ila faili likifutwa, picha yake huweza kubaki. Mtafiti aliyefuta mahojiano ya mtoa habari aliyeahidiwa kutotajwa jina huenda ameacha humo sura ya ukurasa wa kwanza, wenye jina hilo juu kabisa. ODT nayo huweza kubeba picha ya ukurasa wa kwanza ndani ya kifurushi, katika faili liitwalo thumbnail.png. Anayetumia kompyuta moja na wenzake katika maabara ya kitivo aifute folda ile kabla ya kuondoka. Na anayetuma ODT afungue kifurushi atazame picha hiyo inaonyesha nini.