Nuru ya Saa Moja: Upigaji Picha wa Ridhaa Kibondo na Kasulu

Upigaji picha wa ridhaa, yaani ule unaofanywa kwa mapenzi tu, bila malipo wala kutumwa na mtu, umeingia katika nyanda za juu za Kigoma pamoja na simu janja, lakini umekuta desturi mbili za zamani zikiutangulia. Ya kwanza ni desturi ya studio na sherehe, ambayo humtaka mtu avae nguo ya kutokea, asimame wima na kuikabili kamera, na ndiyo iliyojaza albamu za harusi, kipaimara na mahafali. Ya pili ni desturi ya picha za habari: tangu wakimbizi wa Burundi walipovuka mpaka kwa wingi baada ya Oktoba 1993, kisha kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilipofunguliwa upya mwaka 2015, sehemu kubwa ya picha za wilaya hizi zilizofika nje zimekuwa za mahema, foleni na vumbi. Desturi zote mbili zina haki yake, ila kati yake imesahauliwa siku ya kawaida, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maisha ya watu, na ambayo uzuri wake hauhitaji kamera ya bei kubwa bali mtu anayeijua nuru ya mahali pake.

Nuru hiyo haifuati saa kama watu wengi wanavyodhani. Saa ya Tanzania imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, mstari ambao katika latitudo hizi hupita baharini, mashariki ya Zanzibar, ilhali Kasulu ipo karibu na nyuzi 30. Na kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, jua la Kasulu hufika utosini karibu saa saba mchana, wala si saa sita. Kwa sababu hiyo hiyo jua huchomoza huko kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika kumi asubuhi, kutegemea mwezi, na huzama kabla au baada kidogo ya saa moja jioni. Dar es Salaam, iliyo upande wa pili wa nchi, huitangulia Kasulu kwa zaidi ya nusu saa, hivyo mpigapicha anayefuata nyakati zilizopangwa kwa wakazi wa pwani atajikuta akingoja gizani asubuhi na akiondoka mapema mno jioni.

Jua linapokuwa chini, miale yake hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kumfikia mtazamaji, na njiani humo rangi ya buluu hutawanyika na kubaki zaidi zile za manjano na nyekundu. Isitoshe, miale huja kwa mshazari, ikalaza vivuli virefu vinavyofichua mikunjo ya kitenge, matuta ya shamba la maharage na nyufa za tofali la kuchoma. Lakini karibu na ikweta jua hupanda kama anayekwea mnazi, wima na kwa haraka, na ndiyo maana nuru hii laini haidumu hata saa moja, na baada ya machweo mwanga hubaki kwa dakika 20 hivi tu. Mchana ni kinyume chake, hasa mwanzoni mwa Oktoba na katika wiki ya pili ya Machi, siku ambazo jua hupita juu kabisa ya wilaya hizi na macho ya anayepigwa picha hugeuka mashimo meusi chini ya paji la uso.

Mfano ulio karibu zaidi wa nuru ya asubuhi ni muhogo uliolowekwa, ukamenywa na kuanikwa uani. Vipande vyake ni vyeupe kama chokaa, udongo unaovizunguka ni mwekundu kwa sababu ya oksidi za chuma, yaani kutu iliyomo ndani yake, na asubuhi kila kipande hutupa kivuli chake kidogo cha buluu upande wa magharibi, kwani kivulini humulika anga peke yake. Anayeipiga picha hiyo kwa simu mara nyingi huona muhogo umetoka wa kijivu, akadhani simu ni mbovu. Kosa ni la kipimanuru, kifaa kinachoamua kiasi cha nuru kitakachopokelewa, ambacho kimetengenezwa kwa kudhani kwamba kila kinachoelekezewa kina mng'ao wa wastani, hivyo kikikutana na weupe mwingi huupunguza, na kikikutana na weusi mwingi huuongezea nuru. Dawa ni kugusa kioo cha simu mahali palipo muhimu, kisha kupandisha au kushusha nuru kwa kidole hadi muhogo urudi kuwa mweupe.

Jambo hilo lina uzito zaidi linapohusu nyuso. Kwa miongo mingi filamu za rangi zilisawazishwa katika maabara kwa kadi za vipimo za kampuni ya Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, na watu weusi wakatokea katika picha wakiwa na meno na macho tu. Teknolojia imerekebishwa kwa kiasi kikubwa, ila kipimanuru bado huikosea ngozi nyeusi iliyosimama mbele ya anga au ukuta uliopakwa chokaa. Hapa nyumba za Kibondo na Kasulu zina msaada wake wenyewe: mtu akikaa chini ya upenu, uso ukiangalia uani, hupata nuru isiyo na makali, na udongo mwekundu wa uani huirudisha miale kutoka chini ukaipa ngozi joto la rangi ambalo wapigapicha wa studio hulitafuta kwa vitambaa na taa.

Majira nayo hubadilisha kila kitu. Kiangazi, moshi wa mioto ya nyika huligeuza jua la jioni kuwa duara jekundu linalotazamika. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua, miti ya miombo huchipua majani machanga ya rangi ya shaba. Na mvua za kwanza zikishaosha hewa, vilima vya mbali hukaribia, na alfajiri ukungu hulala mabondeni.

Kinachobaki ni subira. Takriban mwaka 1930 Martin Munkácsi, mzaliwa wa Hungaria, alipiga picha ya wavulana watatu wakikimbilia majini, ambayo imezoeleka kuitwa picha ya Ziwa Tanganyika ingawa wengine huitaja kuwa ya Liberia, na ndiyo iliyomsukuma Mfaransa Henri Cartier-Bresson kushika kamera na hatimaye kuwa mwalimu wa dunia katika kunasa nukta sahihi. Hakuna sherehe katika picha ile, ni watoto wanaokwenda kuogelea. Mwendesha baiskeli anayesukuma madumu ya mawese kupanda mlima ana nukta kama hiyo, pale mguu wa mbele unapokanyaga na mgongo kunyooka, na haipatikani kwa anayepita mbio ndani ya gari.

Kabla ya kubonyeza ni lazima kuomba ruhusa, tena kwa salamu kwanza, kwa kuwa wengi wa wakazi wa wilaya hizi wamewahi kupigwa picha ambazo hawakuziona tena. Baada ya kubonyeza, picha chache zilizo bora zichapwe kwenye karatasi, nyuma yake paandikwe kijiji, mwezi na mwaka, na nakala ya kwanza apelekewe aliyepigwa.