Michezo ya Askari na Maana Yake



Mtu apitaye karibu na kambi ya askari, akawaona watu wazima wanane wamesimama ukingoni mwa mtaro wakibishana juu ya ubao na kamba, huenda akacheka. Atasema, "Hawa wamekosa kazi." Mimi nami niliwahi kusema hivyo. Lakini mchezo ule una asili yake na una kazi yake, nami leo nataka kuwaeleza yote mawili.

Mwaka 1942 Waingereza walikuwa vitani, na jeshi lao lilihitaji maafisa wengi. Desturi ya zamani ilikuwa kumwita kijana, kuzungumza naye kidogo, na kumwuliza alisoma shule gani. Wengi waliochaguliwa hivyo walishindwa katika mafunzo wakarudishwa. Basi yakaundwa mabaraza mapya ya kuwachagua maafisa. Mmoja wa waliobuni njia zake alikuwa daktari wa maradhi ya akili, Wilfred Bion, ambaye katika vita kuu ya kwanza aliwahi kuongoza kifaru cha vita. Hakuwa mgeni wa mambo ya askari.

Jambo lao lilikuwa jepesi kulieleza. Kikundi cha watu hupewa kazi moja, wala hakuwekwi kiongozi. Mathalani: mtaro ni huu, mbao ni hizi mbili, kila mmoja mfupi kuliko mtaro, kamba ni hii, na pipa zito ni hili. Vukeni nyote pamoja na pipa lenu, wala mtu asiguse chini. Kisha wakubwa hukaa kando, kimya, wakitazama.

Fikirini hali ya mtu aliye katika kundi lile. Anataka aonekane hodari ili achaguliwe yeye, na huku kazi haiwezekani ila kwa kusaidiana. Moyo wake huvutwa pande mbili. Mwenye makelele hutoa amri kumi, asifuatwe hata kwa moja. Mwingine, ambaye hakuna aliyemjali, hukalia ncha ya ubao ili isiinuke, naye hukaa pale mpaka wenzake wote wamevuka. Maneno matupu hayavushi pipa.

Hapo kwanza michezo hiyo ilikuwa ya kuwapima watu tu. Baadaye majeshi yakaona kwamba kitu kipimacho moyo chaweza kuufundisha pia. Jeshi la Uingereza limeandika sifa sita ambazo kila askari wake hutakiwa kuwa nazo: ushujaa, nidhamu, kuwaheshimu wengine, unyofu, uaminifu, na kujitoa kwa ajili ya wenzake. La Marekani limeandika saba. Kuzikariri ni kazi ya asubuhi moja. Hata kasuku angeziweza. Lakini wafunge askari wanane vitambaa machoni, uwashikishe kamba ndefu, uwaambie waitandaze iwe mraba kamili. Hapo utaona ni nani amsikilizaye mwenzake, na ni nani achunguliaye chini ya kitambaa.

Mchezo wenyewe ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni mazungumzo yafuatayo. Katika miaka ya 1970 Jeshi la Marekani lilianza kuweka utaratibu wa kuketi baada ya kila zoezi na kuulizana: tulikusudia nini, limetokea nini, kwa sababu gani, na mara nyingine tufanyeje? Askari wa chini huruhusiwa kusema mbele ya mkubwa wake. Mchezo usio na mazungumzo hayo huacha jasho tu.

Tena si kila mchezo hufundisha mema, na hili nalijua kwa kosa langu mwenyewe. Zamani niliwagawa wanafunzi wangu pande mbili, wakavutana kamba muhula mzima, na zawadi ikaahidiwa kwa washindi. Nilidhani nafundisha umoja. Mwisho wa muhula upande mmoja haukukubali kula na upande wa pili.

Baadaye nilisoma habari za Muzafer Sherif, mtaalamu Mturuki aliyehamia Marekani. Mwaka 1954, katika kambi ya Robbers Cave, Oklahoma, aliwagawa wavulana 22 wa umri wa miaka kama 11 katika makundi mawili, akawashindanisha. Upesi wakatukanana, wakachomeana bendera. Alijaribu kuwalisha pamoja, wakarushiana chakula. Ndipo akawaletea taabu zilizowahusu wote. Maji ya kambi yakakatika, wakayatafuta pamoja. Lori la chakula likagoma kuwaka, nao wote wakalivuta, na kamba waliyoishika ni ile ile waliyokuwa wakivutana kwayo siku za uadui. Chuki haikuisha kwa siku moja, lakini ilipungua, hata wengi wao wakataka kurudi nyumbani katika basi moja.

Kwa hiyo afisa mwenye akili, akiona vikosi viwili vinachukiana, haviandalii shindano jingine. Huvipa pipa zito kupita nguvu za kikosi kimoja.

Muhula uliofuata sikuahidi zawadi. Nilichimba mtaro nyuma ya darasa, nikaenda kwa seremala kuomba mbao mbili.