Kodi ya moshi katika inchi ya Kanada

Inchi nyingi leo zinatia bei juu ya moshi wa viwanda na wa motokari, maana gazi ya karboni iliyomo inaongeza joto la dunia. Bei hiyo inapangwa namna gani? Tutazame Kanada, kwani pale tunaona vema nguvu yake na uzaifu wake.

Sheria ilipitishwa mwaka 2018. Tangu Aprili 2019, katika majimbo yasiyo na mpango wa kutosha, kila tona ya gazi ilitozwa dola 20. Bei ikapanda mwaka kwa mwaka, hata dola 80 mwaka 2024. Juu ya litri moja ya esanse, ni santimu 4 na kitu mwanzoni, na 17 na kitu mwishoni. Hakuna aliyekatazwa kuendesha motokari. Kila mutu aliachiwa kuchagua: safari hii ni ya lazima, ao nipande bisi?

Na maskini je? Hapa ndipo penye kiini. Karibu sehemu 9 katika 10 za feza zilirudishwa kwa jamaa, kwa hesabu ya watu wa nyumba, bila kuuliza wamechoma esanse ngapi. Tajiri mwenye motokari tatu alilipa nyingi, akarudishiwa sawa na jirani yake. Jirani aliyechoma kidogo alibaki na faida.

Viwanda vikubwa vilikuwa na ginsi yao: kulipa kwa moshi unaopita kipimo kilichowekwa, visije vikahamia inchi nyingine.

Mbona kodi ya watu ilianguka? Iliumiza kila mara kwenye pompi ya esanse. Lakini malipo yaliingia benki kila miezi 3, na wengi hawakutambua ni feza gani. Kisha, Oktoba 2023, serkali ilisimamisha kwa miaka 3 kodi ya mazuti ya kupasha nyumba moto. Mazuti hayo yanatumika zaidi majimbo ya mashariki. Watu wa Saskatchewan, wanaopasha nyumba kwa gazi, wakauliza: na sisi? Tangu Januari 2024 jimbo lao likaacha kuitoza. Sisi tunaona kwamba ruhusa ile moja iliidhuru sheria kuliko maneno yote ya wapinzani.

Tarehe 1 Aprili 2025 kodi ya watu ikawekwa sifuri, na malipo ya mwisho yakatolewa mwezi uleule. Bei ya viwanda vikubwa haikufutwa.