Rangi ya Ukuta wa Jikoni na Afya ya Mtoto

Ukipita Tabata, jijini Dar es Salaam, utaona maduka ya vifaa vya ujenzi yamepanga makopo ya rangi mpaka barazani. Rangi hizo sasa zinafika hata vijijini. Mtu akiuza mavuno, hupenda kupaka nyumba yake. Je, jikoni apake rangi gani?

Wengi hujibu: rangi ya giza, ili masizi yasionekane. Sisi wa zahanati tunasema kinyume. Masizi yasipoonekana hayajaondoka. Yapo ukutani, na moshi uliyoyaleta umeingia pia katika kifua cha mama na cha mtoto aliyebebwa mgongoni. Ukuta mweupe ukiwa mweusi kwa mwezi mmoja, unakuambia kwamba dirisha halitoshi. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi na harufu ya jalala lililokuwa pale, na mwaka 1988 wakashinda. Moshi wa jikoni kwako hauna wa kushtakiwa. Toboa dirisha la pili. Mkaa nao hautoi masizi mengi, lakini hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Hiyo hakuna rangi itakayokuonyesha.

Kwa hiyo chagua nyeupe, au rangi ya maziwa. Ukuta mweupe huurudisha mwanga chumbani, hata taa ndogo ikatosha. Mende huonekana, na tone la mafuta huonekana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika rangi nyingine za mafuta, zile zinazong'aa, mna risasi. Ni madini yaleyale yaliyomo katika betri ya gari. Watengenezaji waliitia ili rangi iwe kali na ikauke upesi. Rangi zilizopimwa katika nchi nyingi zimeonyesha kwamba risasi huwa nyingi zaidi katika rangi kali: njano, nyekundu, ya chungwa na kijani. Si kila kopo la njano lina risasi, lakini kwa macho huwezi kulitambua lenye risasi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kilicho salama katika damu ya mtoto. Mtoto mdogo akiila, mwili wake huichukua mara 4 hadi 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Ataila vipi? Tazama nyumba zetu. Ukuta hupakwa nusu kwa nusu: juu rangi ya maji, chini rangi ya mafuta, ili uoshwe kwa sabuni. Hiyo nusu ya chini ndiyo kimo cha mtoto! Rangi ikizeeka hubanduka, vumbi lake huanguka sakafuni, mtoto hutambaa, kisha hutia vidole mdomoni. Hataugua siku hiyo. Pengine hataonyesha dalili yoyote. Atapungukiwa damu, atachelewa kujifunza, na watu watasema mtoto huyu ni mzito tu. Ubongo ulioharibika hivyo haurudishwi kwa dawa. Mama mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni.

Ukinunua rangi ya mafuta, mwambie muuzaji akuonyeshe kwenye kopo mahali palipoandikwa kwamba haina risasi. Kwa Kiingereza risasi huitwa lead. Kipimo kinachopendekezwa ni kwamba risasi isizidi miligramu 90 katika kilo moja ya rangi iliyokauka. Tazama pia nembo ya TBS. Rangi inayopimwa kutoka ndoo isiyo na jina, iache hata kama ni ya bei nafuu.

Lakini kama fedha ni chache, chokaa inatosha. Ni nyeupe, ni rahisi, na ukipaka kila mwaka jiko huwa safi. Wengine hutia chumvi kidogo ili ishike. Jihadhari isikuingie machoni, maana huunguza.

Rangi ya zamani usiikwangue ikiwa kavu, wala usiipige msasa ukavu. Vumbi lake ni baya kuliko rangi yenyewe. Fundi ailoweshe kwa maji kwanza. Watoto na mama wajawazito wakae mbali mpaka sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji. Kufagia kwa ufagio mkavu kunarusha vumbi tu.

Na ile ndoo ya rangi ikiisha, najua wengi wetu huiosha na kuwekea maji ya kunywa. Usifanye hivyo, hata ukiisugua kwa mchanga. Tia udongo, panda mchicha wa mapambo au maua, si mboga.