Ahadi ya Afisa Inapogeuka Mashtaka

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Walinena pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hizi mbili hukutana kortini pale mwananchi anaposhtakiwa kwa kukiuka masharti ya kibali cha ujenzi, ilhali afisa mhusika ndiye aliyemwambia, "Endelea tu, hakuna neno."

Wakazi wa Mwea wanaujua uzito wa maandishi. Kwa miaka mingi, kanuni za mradi wa mpunga zilimfanya mkulima kuwa mpangaji mwenye leseni. Hakuruhusiwa kujenga mradini bila idhini ya meneja, tena idhini ya maandishi. Leo, katika miji inayokua kama Wang'uru na Kutus, ujenzi unaongozwa na sheria ya mipango ya mwaka 2019. Anayejenga bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili.

Je, kauli ya afisa si kitu? Huko Uingereza, kampuni ya Postermobile iliambiwa na maafisa wa mipango wa Brent, London, kwamba mabango yake ya muda hayakuhitaji kibali. Ilipoyasimamisha, baraza lilo hilo likaishtaki. Mwaka 1997 mahakama iliamua kwamba mashtaka hayo yalikuwa matumizi mabaya ya utaratibu wa sheria. Hapa kwetu, Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 2014 kwamba matarajio ya raia hulindwa iwapo ahadi ni bayana na imetolewa na mwenye mamlaka. Lakini hayawezi kuishinda sheria iliyo wazi.

Wanaisimu hufundisha kwamba neno "nakuruhusu" halielezi tendo. Lenyewe ni tendo. Hata hivyo, hutenda tu linapotamkwa na mwenye mamlaka. Raia aliyesimama mbele ya meza ya ofisi atajuaje mipaka ya mamlaka hayo? Ni haki, basi, mzigo huu ubebwe na ofisi: kila jibu liandikwe, litiwe tarehe na muhuri, na litolewe kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 ilikifanya lugha rasmi.

Raia naye asiondoke mikono mitupu. Ahadi ni deni, naam. Lakini deni lisiloandikwa ni vigumu kulidai kizimbani.