Chang'aa, gongo, waragi: anayeanza kupika aanze na nini?

Kuvuka mpaka wa Mutukula kwa miguu ni kazi ya dakika chache, lakini kinywaji kile kile hubadilika jina na hadhi njiani. Upande wa Tanzania ni gongo, na anayekutwa nayo bila kibali huweza kulala mahabusu. Upande wa Uganda ni waragi, au enguli kwa wazee, na vijijini humiminwa kwenye glasi mchana kweupe. Ukienda hadi Busia na kuingia Kenya, imekuwa chang'aa. Ukishuka Katuna kuingia Rwanda, imekuwa kanyanga, ambayo huko imewekwa kwenye orodha ya dawa za kulevya, na wanaoibeba usiku kutoka Uganda hukimbizana na askari kwenye vilima vya Burera na Gicumbi. Wakongo huiita lotoko au lutuku.

Chini ya majina yote hayo kuna kazi moja: pombe iliyochacha huchemshwa, mvuke wake ukapozwa, kinachodondoka kikakingwa. Ni kazi iliyolipa karo za watoto wengi katika ukanda huu, hasa watoto wa akina mama wasio na shamba wala mshahara. Ni kazi pia iliyopofusha watu na kuzika wengine. Anayetaka kuingia ndani yake, kwa sababu ndizi zinamwozea Mbarara au mabibo yanamwozea Mtwara, anahitaji kujua mambo ambayo jirani anayepika tangu zamani huenda asimwambie, au huenda hayajui.

La kwanza ni sheria, na hapa mpaka una maana kubwa kuliko moto. Kenya iliipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, kisha sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile wananchi wanayoiita Sheria ya Mututho, ikaifungulia mlango mwembamba: chang'aa inaruhusiwa ikiwa mtengenezaji ana leseni, kinywaji kimepimwa, na kimefungwa kwenye chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Tanzania ina Sheria ya Moshi ya mwaka 1966; "moshi" ndilo jina la gongo kwenye vitabu vya sheria, na kuipika kunahitaji leseni. Uganda ina Sheria ya Enguli ya mwaka 1965, ambayo nayo inataka leseni. Nia ilikuwa wapikaji wadogo wauze enguli yao kiwandani ikasafishwe, na huko ndiko ilikotoka Uganda Waragi ya chupa. Vijijini sheria hiyo imesahaulika, lakini kusahaulika si kufutwa. Rwanda haina mlango wa namna hiyo kwa kanyanga. Mwenye ndizi huko atafute soko la urwagwa wa chupa, ambao una viwanda na vibali vyake, na moto wa kanyanga auache kabisa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kufika ofisini. Ofisi za kodi husimamia ushuru wa vileo, mashirika ya viwango, yaani KEBS, TBS na UNBS, hupima ubora, na huko Kenya kaunti nazo hutoa leseni. Mlolongo huo ni mrefu, na mpikaji mdogo ana haki ya kulalamika kwamba ulitungwa kwa ajili ya viwanda. Hata hivyo una faida moja: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya pamoja vya vinywaji vikali, na bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi moja mwanachama hutakiwa kutambuliwa katika nyingine. Chupa yenye alama huvuka mpaka mchana. Jerikeni huvuka usiku.

Wakati leseni haijapatikana, mtambo unaweza kufundisha mambo mengine. Kule Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, mafuta ya karafuu hupatikana kwa mvuke kwa kanuni hiyo hiyo. Anayeanza anaweza kukeneka maji matupu, kisha mchaichai au majani ya mkaratusi. Atajifunza kutuliza moto, kuziba mianya na kupooza mrija bila kugusa kilevi. Mtambo ukivuja maji ya moto, hasara yake ni kufuta sakafu. Ukivuja mvuke wa pombe karibu na moto, nyumba inaungua.

Chombo kabla ya pombe

Makosa mengi hufanyika dukani, kabla hata hamira haijanunuliwa. Pipa lililobeba dawa za mimea, mafuta au rangi halisafishiki kwa sabuni, hata likioshwa mara kumi. Rejeta ya gari, ambayo wengine huisifu kwa sababu inapooza haraka, imeungwa kwa risasi, na pombe ya moto huilamba risasi hiyo kidogo kidogo. Mnywaji haanguki siku hiyo. Risasi hujikusanya mwilini miaka na miaka, ikiharibu figo na mishipa ya fahamu. Bomba la plastiki nalo halifai mahali mvuke unapopita. Vinavyofaa ni chuma kisichoshika kutu, shaba, na kioo. Shaba husaidia kuondoa harufu ya kiberiti, lakini ikiota ukijani isafishwe kwa ndimu au siki kabla ya kupika tena.

Kifuniko kisikazwe kama cha kopo la rangi. Wapikaji wa zamani huziba kwa donge la unga au kwa udongo, na kuna busara ndani yake: mrija ukiziba, unga hupasuka kwanza na mvuke ukapata njia. Aliyekaza kwa nati na bolti amejitengenezea bomu. Chombo kinachokinga kikae mbali na moto, upande mwingine kabisa, maana moto wa pombe kali mchana hauonekani vizuri na mtu huweza kuukanyaga bila kujua. Asiyeweza kukaa macho tangu tone la kwanza hadi la mwisho asiwashe. Na kuonja huku ukipika ndiyo njia ya haraka ya kusinzia.

Kuchacha hakuna haraka

Kangara, kama Wakenya wanavyoita pombe inayosubiri kupikwa, inataka vitu vinne: sukari, maji safi, hamira na subira. Kilo moja ya sukari, ikichacha vizuri, hutoa takriban nusu lita ya kilevi kitupu au zaidi kidogo. Joto la nyuzi 20 hadi 30 linaitosha hamira. Baada ya wiki moja hivi mapovu hukoma, na pombe iachwe itulie kabla ya kumiminwa kwenye mtambo. Wanaotia mbolea, betri kuukuu au dawa za kuhifadhia maiti "ili ichemke upesi" hawaongezi kilevi hata tone. Wanaongeza sumu, kisha wanaisimulia kama siri ya biashara.

Wanaotumia ndizi wana la kuzingatia zaidi. Matunda yana pektini, ile inayofanya jemu igande, na pektini ikivunjwa wakati wa kuchacha hutoa methanoli. Njia ya wazee wa Buganda na Bukoba ya kukamua juisi kwa nyasi na kuyatupa makapi ina maana kuliko inavyodhaniwa: kadiri makapi na maganda yanavyobaki nje ya pipa, ndivyo methanoli inavyopungua. Pombe ya sukari, mahindi au mtama huwa na methanoli ndogo sana.

Lita 20 za pombe yenye kilevi cha asilimia 8 zina lita 1.6 tu za kilevi kitupu. Zikipikwa, mtu asitarajie zaidi ya lita tatu hivi za kinywaji cha asilimia 40 chenye ladha njema. Anayeahidiwa lita kumi kutoka pipa hilo anauziwa maji, au kitu kibaya kuliko maji.

Kinachodondoka hakitoki sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Mililita 100 za kwanza kutoka pipa la lita 20 zitupwe. Hunuka gundi au dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na huumiza kichwa. Kinachofuata kikingwe kwenye vikombe vidogo vya kioo vilivyoandikwa namba, sio kwenye jerikeni moja. Katikati harufu husafika na utamu wa tunda au nafaka hujitokeza. Mwishoni hutoka majimaji yanayonuka nguo iliyokaa na unyevu. Kesho yake, pua ikiwa imepumzika, mpikaji anusa kikombe kimoja kimoja na kuamua kipi kiingie. Hapa ndipo ufundi ulipo, na ndipo mwenye tamaa ya kujaza jerikeni anapojulikana. Kipimo cha kilevi kinachoelea, ambacho si ghali, huonyesha ukali. Lita moja ya asilimia 60 ikiongezwa nusu lita ya maji safi hushuka hadi kama 40. Kiberiti si kipimo: kuwaka kunaonyesha ukali, basi.

Sumu inatoka wapi?

Hapa panahitaji kusemwa wazi, kwa sababu imani iliyoenea ni hatari. Wapikaji wengi huamini kwamba ukitupa kichwa, yaani yale matone ya kwanza, umetupa methanoli yote, kwa kuwa methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7 na kilevi cha kawaida, ethanoli, kwenye nyuzi 78.4. Hesabu hiyo ni sahihi kwa vimiminika viwili vilivyo peke yake. Ndani ya pipa lenye maji mengi, methanoli hushikamana na maji na hutoka kidogo kidogo tangu mwanzo hadi mwisho. Kutupa kichwa kunaondoa harufu mbaya na vitu vingine vikali, na ni vizuri kufanya hivyo, lakini hakumwokoi mtu ikiwa methanoli nyingi imo ndani tayari.

Na methanoli nyingi haizaliwi na ndizi wala mahindi ya mpikaji. Inamiminwa. Methanoli ya viwandani, inayotumika kwenye rangi na viyeyusho, ni nafuu, haina rangi, hunusa kama pombe na hulevya. Mchuuzi anayetaka jerikeni moja iwe mbili huiongeza kabla ya kuuza, mara nyingi bila kujua jina lake. Ameuziwa kama "spiriti". Ndivyo zaidi ya watu 100 walivyokufa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi Novemba 2000. Mwaka 2010 makumi walikufa kusini-magharibi mwa Uganda, wengi Kabale, kwa waragi yenye methanoli. Mwezi Mei 2014 Kenya ikazika tena makumi ya watu katika kaunti kadhaa.

Kwa hiyo mpikaji aliyetumia sukari yake, chombo chake safi na macho yake mwenyewe amejiepusha na sehemu kubwa ya hatari hiyo. Mnywaji wa gongo ya kununua hajajiepusha na lolote, hata akiiwasha kiberiti, kwani methanoli na ethanoli zote huwaka kwa mwali wa buluu. Na mpikaji anayemuuzia mchuuzi kwa jerikeni hajui kitakachoongezwa baada ya yeye kupokea fedha. Hapo chupa iliyofungwa, yenye lebo na alama, inamlinda mpikaji pia: kikitokea kifo, ataweza kuonyesha kilichotoka mikononi mwake.

Methanoli haiui papo hapo. Mtu hulewa, hulala, huamka akiwa na kile anachokidhania ni uchovu wa pombe. Saa 12 hadi 24 baadaye, au zaidi ikiwa alichanganya na pombe nyingine, huja kichwa kuuma, kutapika, tumbo kukata, pumzi za haraka, na macho kuona ukungu au weupe. Mililita 10 zinaweza kuharibu macho. 30 zinaweza kuua. Maziwa hayasaidii, wala kahawa, wala kumlaza kivulini. Hospitali ina dawa ya kuzuia methanoli isigeuke sumu mwilini, au hutumia ethanoli iliyopimwa, na penye mashine husafisha damu. Kumnywesha pombe zaidi nyumbani kwa sababu mtu amesikia habari hiyo ni kumchelewesha tu.

Anayempeleka mgonjwa abebe na chupa au kopo lenye mabaki ya alichokunywa, na amweleze daktari alikunywa lini, hata kama kinywaji hicho ni haramu. Daktari anahitaji saa na kinywaji. Mengine si kazi yake. Kisha arudi haraka alikotoka, kwa sababu waliokunywa kutoka jerikeni lile lile huenda bado wamelala wakidhani ni uchovu.